Simu Kuukuu na Toleo Linaloifaa

Watu wa Balambala, wa Sankuri na Saka, wa Danyere na Jarajara, huku kaunti ya Garissa nchini Kenya, hawana desturi ya kutupa kitu ambacho bado chafanya kazi, na simu ya mkononi haikutengwa na desturi hiyo. Simu iliyonunuliwa mpya Eastleigh, Nairobi, na kijana aliye masomoni huteremka, baada ya miaka miwili au mitatu, hadi kwa ndugu yake wa Garissa mjini. Na huyo naye, akijaliwa nyingine, humpelekea mama yake aliyeko ukingoni mwa Mto Tana. Na kwa mama hupita tena mikononi mwa mchungaji ambaye huenda nayo malishoni, imefungwa mpira kwa sababu kifuniko chake kimelegea, kioo kimepasuka pembeni, betri imekwisha kubadilishwa, lakini inaita, inapokea, inapiga picha ya ngamia na kuituma sokoni Garissa kabla ya mnyama mwenyewe kuanza safari. Chombo chenye kufanya hayo yote kingali hai, na aghalabu kinachokuja kukiua si vumbi wala jua la Februari, ila ni maandishi mafupi yanayotokea juu ya kioo asubuhi moja kumwarifu mwenyewe kwamba programu aliyoizoea hailingani tena na kifaa chake.

Nia yangu ni kumshauri mwenye simu ya namna hiyo, na fundi anayemhudumia, na hasa wale wanaotunga programu na wale wanaoziagiza kwa fedha ya umma, juu ya jambo ambalo mimi naliona kuwa ni la haki kabla ya kuwa la ufundi: toleo la programu ambalo bado linaitumikia simu ya mtu ni amana mikononi mwa aliyelitoa, na haimpasi kuliondoa mahali lilipo kwa sababu tu kwamba ametunga jingine jipya ambalo simu hiyo haiwezi kulibeba.

Yafaa kwanza tufahamu jinsi jambo lenyewe linavyotukia, maana mtu asiyejua chanzo cha maradhi hudanganywa kwa urahisi na mwenye kuuza dawa. Kila simu ya Android ina namba ya mfumo wake, na kila programu huandikiwa ndani yake kima cha chini cha namba hiyo ambacho bila ya kukifikia haitakubali kuwekwa. Mtungaji akikipandisha kima hicho, simu zote zilizo chini yake hukatwa kwa mara moja, pasipo mwenye simu kukosa lolote. WhatsApp, ambayo kwa wakazi wa nchi yetu ni baraza, ni soko na ni posta, hasa kwa kuwa mtu asiyeandika hutuma sauti yake kwa Kisomali na kujibiwa kwa sauti, iliziacha simu za Nokia za Symbian mwaka 2017, ikaziacha za Windows mwishoni mwa 2019, ikaacha Android 2.3 mwanzo wa Februari 2020, na Oktoba 2023 ikatangaza kwamba haipokei tena Android iliyo chini ya 5.0. Mwezi Mei 2025 ikawa zamu ya iPhone ambazo haziwezi kufikia iOS 15.1, nazo ni pamoja na iPhone 6 ambazo jamaa zetu walio Minneapolis huko Marekani na kwingineko walizileta kama zawadi na ambazo mfumo wake haupiti iOS 12. Google nao, katika mwaka ule ule wa 2023, waliacha kuihudumia Android 4.4 kwa zile huduma za ndani ambazo programu nyingi huzitegemea ili zipate kufanya kazi.

Insafu yanidai niseme kwamba watungaji hawafanyi hayo kwa ukatili. Kuitunza programu kwa mifumo kumi tofauti ni gharama ya kweli. Mfumo wa kale una nyufa za usalama ambazo hakuna anayeziziba. Na baadhi ya huduma za siku hizi haziwezekani kabisa katika simu ya kumbukumbu ndogo. Haya nayakubali yote. Lakini kuacha kulitengeneza toleo la kale ni jambo moja, na kulificha lisipatikane ni jambo la pili, na watu wengi huyachanganya mambo haya mawili kana kwamba la kwanza humlazimisha mtu kufanya la pili. Mtungaji ana ruhusa ya kusema, “Toleo hili silitengenezi tena.” Ruhusa ya kuwanyang'anya watu toleo ambalo lingali likiwafaa, bila ya dharura ya usalama na bila ya taarifa, hiyo sijui ameipata wapi.

Sasa nianze na mwenye simu. Fungua mipangilio, shuka hadi palipoandikwa habari za simu, usome namba ya Android au ya iOS, kisha uiandike mahali, hata ndani ya kifuniko cha betri kwa kalamu, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayojibu maswali yako yote ya mbele. Usiridhike na jina la simu wala na uzuri wa umbo lake, maana zipo simu zinazouzwa kwa ganda jipya na mfumo wa kale ndani, na mnunuzi huja kutambua siku ya kwanza ya kuweka programu anayoihitaji. Anayenunua simu iliyokwisha kutumika, iwe Garissa au Nairobi, asiitoe fedha mfukoni kabla ya kuiona namba hiyo kwa macho yake mwenyewe.

La pili, na hili nalisisitiza kuliko yote, usiifute programu inayofanya kazi, wala usimruhusu mtu kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, mpaka umehakikisha kwamba kila ulicho nacho ndani yake utakipata tena. Nilikuwapo dukani kwa kijana mmoja atengenezaye simu, duka la mabati lenye paneli ya sola juu ya paa na nyaya za chaji zilizoning'inia kama mapambo ya ukumbi wa harusi, alipokuja mzee mfanyabiashara wa mbuzi ambaye simu yake ilikuwa nzito. Mtu mwingine, kabla ya siku hiyo, alikuwa amekwisha kumsaidia kwa kuisafisha yote. Kijana akaishika, akaigeuza, akajaribu kuirudisha programu ya mazungumzo ambayo mzee alikuwa nayo, akajaribu tena, kisha akainua uso. “Adeer,” yaani ami, akamwambia kwa upole, “simu yako ni nzima. Lakini programu uliyokuwa nayo haiko tena dukani kwa simu ya namba hii. Ile iliyofutwa ndiyo iliyokuwa ya mwisho.” Mzee akauliza, “Na sauti za watu wangu zilizokuwamo?” Kijana akanyamaza. Ndani ya sauti zile mlikuwamo ahadi za bei, na deni la mtu wa Modogashe, na mambo ya nyumbani ambayo mzee hakutaka kuyataja mbele yetu. Hasara hii haikuletwa na uchakavu wa simu. Ililetwa na wepesi wa mkono.

Kwa hiyo kabla ya lolote, hifadhi. Mazungumzo ya WhatsApp huweza kunakiliwa ndani ya simu yenyewe kutoka katika mipangilio yake, na mazungumzo moja moja huweza kutolewa nje pamoja na sauti na picha zake. Yatoe, uyahamishie kwenye kadi ya kumbukumbu, na kadi hiyo uitoe katika simu na kuiweka mahali pakavu. Fanya hivyo mapema. Programu ya namna hii hutegemea mitambo ya mwenyewe iliyo mbali, na siku mitambo hiyo itakapolikataa toleo lako hutapata muhula wa kuhamisha chochote, hata kama faili ya programu ungali nayo mkononi.

Na hapa pana tofauti ambayo ushauri wote waitegemea. Ziko programu ambazo kazi yake hufanyika ndani ya simu: kusoma msahafu, kusikiliza hadithi zilizorekodiwa, kamusi, tochi, hesabu za duka, ramani zilizokwisha kupakuliwa, vitabu vya shule. Toleo la kale la programu za aina hii, maadamu linafunguka, litakutumikia mpaka simu yenyewe izimike milele, na hakuna mtu wa ng'ambo awezaye kukuzuia. Ziko na nyingine ambazo ni dirisha tu la kuchungulia mtambo wa mwingine, na mwenye mtambo akifunga, dirisha halikufai. Za aina ya kwanza zitafutie matoleo ya kale kwa juhudi zote na uyahifadhi. Za aina ya pili zitafutie njia nyingine mapema, badala ya kuhangaika kutafuta faili ambayo, hata ukiipata, itakuambia tu kwamba muda wake umekwisha.

Wapi basi hupatikana toleo la kale kwa halali? Duka la Google lenyewe huipa kila simu toleo la juu kabisa inaloweza kulibeba, ikiwa mtungaji amekubali kuliacha hapo. Kwa hiyo anza huko, wala usisikitike ukiona limeandikwa tarehe ya miaka iliyopita. Apple tangu mwaka 2013 humwezesha mwenye iPhone ya zamani kupakua toleo la mwisho linalolingana na simu yake, lakini aghalabu kwa sharti kwamba programu hiyo iliwahi kuchukuliwa kwa akaunti ile ile. Ndiyo sababu anayepewa iPhone na ndugu yake asikimbilie kuifuta akaunti kabla ya kuuliza ndani yake mna programu gani. Kisha lipo ghala la F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya programu ambazo maandishi yake ya utungaji yako wazi kwa kila mtu. Huko matoleo yaliyopita huorodheshwa chini ya jipya, kila moja na kima chake cha Android, na mtu huchagua mwenyewe. Na watungaji waungwana huweka ghala lao wenyewe: Mozilla, watu wa Firefox, wameyaacha matoleo yao ya nyuma wazi kwa kila anayeyataka, na ODK Collect, programu ya kukusanyia takwimu iliyotokana na kazi iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na ambayo KoboCollect inayotumiwa katika tathmini za ukame imejengwa juu yake, nayo ina matoleo yake ya nyuma yaliyohifadhiwa hadharani. Karani wa takwimu aliyepewa simu kongwe ana haki ya kujua hayo kabla hajaambiwa kwamba dodoso halitafunguka.

Nje ya njia hizi kuna soko la kadi za kumbukumbu, ambapo mtu hupokea programu kwa Xender, ile programu ya kurushiana faili, au kwa Bluetooth kutoka kwa rafiki, ambaye naye aliipata kwa rafiki. Sitalilaani soko hilo, kwa sababu mahali ambapo bando ni ghali na mtandao huja na kuondoka, limewafaa watu sana, lakini nalihadharisha. Kila programu ya Android hutiwa muhuri wa siri wa mtungaji wake, na simu hukataa kuweka toleo jipya juu ya la zamani ikiwa muhuri si ule ule. Basi simu ikikukatalia kwa kusema kwamba faili inagongana na programu iliyopo, usiifute iliyopo ili kuilazimisha: huenda kukataa kwake ndiko kulikokuokoa. Ila fahamu kwamba ulinzi huo haupo pale unapoweka programu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa simu haina muhuri wa kulinganisha, na hapo huna dhamana isipokuwa uaminifu wa aliyekupa. Fahamu tena kwamba tangu Agosti 2021 programu mpya za duka la Google hutolewa kwa vipande vinavyokusanywa kulingana na kila simu. Ukinakili kipande kimoja tu, utapata kitu kinachokataa kuwekwa, au kinachofunguka na kufunga papo hapo, nawe utadhani simu yako ndiyo mbovu. Na simu haikubali kushushwa toleo juu ya lililo kubwa zaidi. Hutaka kwanza lifutwe lililopo, na pamoja nalo hufutika yote uliyoyahifadhi ndani yake.

Yapo pia maradhi mawili ambayo husingiziwa ukongwe wa toleo ilhali chanzo chake ni kingine. La kwanza ni tarehe. Simu iliyokaa bila chaji kwa siku nyingi malishoni huamka ikidhani kwamba tungali mwaka wa kutengenezwa kwake, na kivinjari chake huikataa kila tovuti iliyolindwa kwa kuwa vyeti vya tovuti huhesabiwa kwa tarehe. Itengeneze saa kabla ya kuitupia lawama programu. La pili ni vyeti vyenyewe. Tovuti nyingi duniani hupata vyeti vyake kwa Let's Encrypt, shirika ambalo huvitoa bila malipo, na simu zilizo chini ya Android 7.1.1 hazikuandikiwa ndani yake cheti mama cha shirika hilo. Zilikuwa zikivuka kwa daraja la muda, na daraja hilo likafikia mwisho wake Septemba 2024. Anayeona tangu hapo kwamba kivinjari chake cha kale kinalalamika kila mahali, na ajaribu toleo la Firefox linalolingana na mfumo wake, kwa sababu Firefox huja na orodha yake ya vyeti wala haitegemei ile ya simu. Nimewaona watu wakipeleka simu kwa fundi, wakilipa na kubadilisha betri, kwa ajili ya tatizo hili ambalo haligusi betri hata kidogo.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi na bila ya shaka. Usiweke programu ya benki wala ya kutumia pesa katika simu ambayo mfumo wake umekwisha kuachwa, na usiitafutie toleo la kale kwa mtu yeyote, hata awe ndugu yako. Hapa yote niliyoyasema juu ya kuhifadhi matoleo hayatumiki, kwa kuwa ufa mmoja waweza kukugharimu bei ya ngamia. Na hakuna haja: M-Pesa ilianza mwaka 2007 katika simu za vibonye, ikiwa ndani ya laini, na hadi leo *334# hufunguka katika kabambe, simu ya vibonye ya bei ndogo kabisa, bila bando, bila toleo, bila kuulizwa namba ya mfumo. Serikali nayo imefuata njia hiyo kwa mambo mengine, kama vile usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii kupitia *147#. Msimbo wa nyota na reli haukuchakaa, kwa sababu kazi yote hufanywa katika mtambo wa kampuni na simu haiombwi ila kuonyesha maandishi. Ningependa kila anayetunga programu kwa ajili ya nchi kama yetu aanze kwa kujiuliza kama haja yake haiwezi kutimizwa kwa njia hii, kabla hajatamani rangi na picha.

Nije sasa kwa watungaji, ambao kwao yamo mengi ya kuamuliwa. Pana ukurasa mmoja katika duka la Google ambao mtungaji huupita kila anapotoa toleo jipya, nao humwonyesha matoleo ya nyuma ambayo yataachwa nje iwapo hatayajumuisha. Akiyajumuisha, simu iliyo chini ya kima kipya itaendelea kupewa toleo la kale, na iliyo juu itapewa jipya, kwa kuwa duka huipa kila simu ile namba kubwa kuliko zote inayoiweza. Linalotakiwa ni kwamba toleo jipya liwe na namba kubwa kuliko la kale. Akiyasahau, yule aliyefuta programu yake jana kwa bahati mbaya hataipata tena. Hakuna gharama ya fedha katika kuyajumuisha, wala hakuna kazi ya wiki nzima; ni suala la kusoma ukurasa kwa utulivu kabla ya kubonyeza. Najua makampuni yenye ofisi za vioo ambako ukurasa huo hupitwa kwa sekunde chache na mtu ambaye hajawahi kufika ng'ambo ya daraja la Tana, na matokeo ya sekunde hizo hukaa Balambala miaka.

Kisha ni mtambo. Toleo la kale lililoachwa dukani halina maana ikiwa mlango wake katika mtambo umefungwa. Kwa hiyo milango itengwe kwa namba, wa kwanza kwa toleo la kwanza, wa pili kwa la pili, na mlango wa kale usibadilishwe masharti yake kwa sababu ya mpya. Ikiwa usalama unalazimisha kuufunga, ufungwe nusu: mtu aruhusiwe kusoma kumbukumbu zake na kuzitoa nje, hata kama haruhusiwi tena kuandika. Na muhuri wa kutilia saini programu uhifadhiwe mahali pawili kwa uchache, maana nimesikia habari za miradi ambayo mfanyakazi aliondoka na tarakilishi iliyokuwa na muhuri, na tangu siku hiyo hapakutolewa hata marekebisho ya herufi moja kwa toleo lolote, jipya wala la kale.

Lakini hoja ambayo nataka watungaji waizingatie kuliko zote ni hii ya hesabu. Kabla ya kupandisha kima, mtungaji mwema huangalia takwimu zake, aone ni simu ngapi bado zina mfumo wa chini. Akiona ni chache, huamini kwamba hakuna atakayeumia. Takwimu hizo, aghalabu, huhesabu waliofungua programu leo, au wiki hii, au mwezi huu. Mfugaji wa Jarajara ambaye amehama na mifugo yake kufuata mvua, mbali na mnara wa simu, hahesabiwi leo wala wiki hii. Pengine atarudi penye mtandao baada ya mwezi na nusu, na haja yake ya siku hiyo ya kurudi itakuwa kubwa kuliko ya mtu wa mjini anayefungua programu mara ishirini kwa siku. Ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ikipita bila neema, ulitawanya watu mbali sana na minara; na mafuriko ya mwisho wa 2023 yalikata njia, hata vijiji vya ukingoni vikawa visiwa. Nyakati hizo ndizo ambazo mtu huhitaji habari za malisho, kama zile za AfriScout iliyobuniwa kuwaonyesha wafugaji majani na maji kwa picha za setilaiti, na ndizo ambazo hesabu za ofisini humwonyesha kuwa hayupo. Basi hesabuni kwa mwaka mzima, tena mwaka wenye kiangazi ndani yake, kabla ya kukata shauri. Na mtakapoona kwamba hamna budi kukata, tangazeni miezi sita mbele, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, katika redio inayosikilizwa Garissa na katika baraza la chifu, kwa kuwa tangazo linalotolewa ndani ya programu peke yake halimfikii ila aliyeifungua.

Ofisi zinazogawa simu kwa watumishi wake zina wajibu wa namna yake. Mwezi Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja kote nchini walikabidhiwa vifaa vya kazi, simu zikiwamo, na simu hizo zitazeeka zote kwa pamoja, kwa sababu zilitoka pamoja. Kila kituo na kiweke daftari lenye namba ya mfumo wa kila simu, na kadi moja ya kumbukumbu yenye toleo la programu ya kazi ambalo limethibitishwa kwamba linaendeshwa na simu hizo, pamoja na ile alama ndefu ya kuhakikishia faili, iliyoandikwa kwa mkono daftarini ili mtu aweze kulinganisha. Simu ikiharibika kijijini, isipelekwe hadi Garissa kungoja mtaalamu; aliyepo aweze kuirudishia programu yake siku ile ile. Walimu wakuu wenye simu za shule wafanye vivyo hivyo.

Kwa fundi wa simu wa Balambala neno langu ni fupi, kwa kuwa yeye amekwisha kulijua kwa uzoefu: uliza kabla ya kufuta, onyesha mwenye simu unachotaka kufanya, tunza matoleo uliyoyachukua penye asili yake na uyatenge na yale usiyoyajua yalikotoka, na usiiweke programu ya fedha kwa njia ya kadi hata ukibembelezwa. Wewe ndiye hazina ya matoleo ya kale kwa nchi nzima inayokuzunguka, na ninasema hivyo bila ya kukusifu kupita kiasi.

Mwisho nawaomba wakuu wa kaunti, na mashirika yanayoleta miradi ya programu kwa wafugaji na wakulima wa ukingoni mwa Tana, waingize katika kila mkataba wa kutengenezewa programu kifungu hiki au kinachofanana nacho: kwamba programu itafanya kazi katika mfumo wa simu walizonazo wananchi wenyewe kwa mujibu wa hesabu iliyofanywa vijijini, kwamba toleo la mwisho linaloifaa kila namba ya mfumo litabaki dukani, na mlango wake katika mtambo utabaki wazi, kwa muda usiopungua miaka mitano tangu kutolewa kwake, na kwamba mkandarasi akiondoka ataikabidhi kaunti faili za matoleo yote, maandishi ya utungaji na muhuri wa saini. Kifungu hicho hakizidi aya moja, na mahali pake ni kabla ya ukurasa wa sahihi.